Mjumbe Si Jumbe

Katika pwani ya kusini ya Tanzania yapo maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti na kuachana sana kwa maana. La kwanza ni mjumbe, la pili ni jumbe. Mjumbe ni mtu aliyetumwa. Yu chini ya neno alilopewa, na heshima yake yote hutoka katika neno hilo; ndiyo maana wahenga walisema kuwa mjumbe hauawi, kwa kuwa asemayo si yake. Jumbe ni mtu wa amri. Wenyeji wa Kilwa walimjua jumbe kabla ya Wajerumani, nao Wajerumani walipokuja wakamtia katika utumishi wao, wakamweka chini ya akida, wakamtaka asimamie kodi na mashamba ya pamba. Mwezi wa Julai 1905, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi walipoing'oa pamba ile, waling'oa pamoja nayo utii wao kwa kila mtu aliyesema na watu kwa niaba ya mkubwa, bila ya kusema na mkubwa kwa niaba ya watu.

Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo kiini cha ugonjwa unaovipata vyama vya siasa vya Tanzania kila vinapokwenda kumchagua kiongozi. Mtu hutoka tawini akiwa mjumbe; akisha kuketi katika ukumbi wa Mkutano Mkuu huwa jumbe. Hutoka ametumwa na wengi, hufika akawa mwenye kura yake mwenyewe, huitoa apendavyo au atakiwavyo, kisha hurudi kwa waliomtuma na kuwaarifu jina la mtu ambaye wao wanapaswa kumshangilia. Jambo hili hupewa jina zuri la uwakilishi. Lakini ni uwakilishi wa nani? Wakili asiyepokea neno kwa mteja wake, wala asiyemrudishia mteja hesabu, hana haki ya kuitwa wakili mbele ya kadhi yeyote. Huyo ni mtu aliyejitwalia mali ya mwenzake.

Itazamwe Kiranjeranje, kata ya Wilaya ya Kilwa, pale ambapo njia ya Nanjirinji na Ruangwa huiacha barabara kuu iendayo Lindi. Mwanachama wa mahali pale akitaka neno lake lifike kileleni mwa chama, hana budi kulipandisha ngazi. Katika Chama Cha Mapinduzi ngazi hiyo huanzia shina, ikaenda tawi, kata, wilaya na mkoa, hata taifa. Kila baada ya miaka mitano, kama ilivyokuwa 2012, 2017 na 2022, ngazi zote hupangwa upya kwa uchaguzi wa ndani. Walio chini huwachagua walio juu kidogo; hao wakakutana na kuwachagua walio juu zaidi; mwisho hupatikana wajumbe wachache wa wilaya wapandao gari kwenda Dodoma. Ukumbini huwakuta wengine ambao hawakutumwa na tawi lolote, bali wameingia kwa vyeo vyao. Basi kati ya mkulima wa ufuta wa Kiranjeranje na sanduku la kura la Dodoma ipo mikono minne au mitano, na si desturi ya mkono hata mmoja kuuliza kabla ya kwenda, wala kueleza baada ya kurudi.

Mkulima huyo huyo anapouza ufuta wake ana haki kubwa kuliko hiyo. Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, mazao hukusanywa na chama cha msingi, yakawekwa ghalani chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Lindi Mwambao, na siku ya mnada bei za wanunuzi hutangazwa mbele ya wakulima wenyewe. Husikia bei ya juu na bei ya chini, hushauriana, kisha huridhia au hukataa. Utaratibu huo una kasoro zake, na wakulima wamezilalamikia mara nyingi. Walakini una jambo moja la haki, nalo ni kwamba mwenye mali huulizwa. Je, kura ni mali duni kuliko gunia la ufuta? Kwa nini mtu aulizwe bei ya gunia lake, na asiulizwe jina la Rais wake?

Wapo watakaojibu kuwa Mkutano Mkuu wa Dodoma umekwisha kuonyesha ushindani wa kweli. Jibu hilo lina ukweli, na ukweli haufai kufichwa. Mwezi wa Julai 1995 majina matatu yalifika mbele ya wajumbe. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Katika duru ya pili Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Mei 2005 Kikwete alipata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476 na Mark Mwandosya 122. Julai 2015 John Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Tarakimu hizi zikiwekwa mstari mmoja zina hadithi yake: mshindi wa kwanza alichukua asilimia 51.8, wa pili 64.2, wa tatu 87.1. Ulipofika mwaka 2025 hapakuwa na hesabu ya kufanya, kwa kuwa jina la pili halikuwapo.

Wingi wa kura peke yake si kosa, maana mtu mwema anaweza kupendwa na wote. Kosa huonekana mtu akitafuta mahali uamuzi ulipofanyika. Mwaka 2015 wanachama 38 walirudisha fomu za kuomba kugombea urais. Kila mmoja alikwisha kuzunguka mikoani kutafuta mamia ya wadhamini, na yamkini hakuna wilaya ambayo haikutoa sahihi. Mwanachama aliombwa sahihi, hakuombwa shauri. Majina yalipofika Dodoma, Kamati Kuu ikabakiza matano, Halmashauri Kuu ya Taifa ikabakiza matatu, na Mkutano Mkuu ukapewa masalio. Edward Lowassa, ambaye wafuasi wake ndani ya Halmashauri Kuu walimwimbia hadharani mbele ya Mwenyekiti wao, hakuwamo hata katika matano. Huenda alistahili kuachwa, huenda hakustahili. Hilo si shauri la makala haya. Shauri lake ni kwamba mjumbe aliyetoka kwao akiwa na jina lile moyoni hakulikuta katika karatasi, wala hakupewa la kuwaambia watu wake. Chungio likifungwa mdomoni mwa kisima, mteka maji hachagui maji.

Hata hivyo chungio lile lilibakiza matone matatu. Tarehe 18 na 19 Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu ulikutana Dodoma. Shughuli kubwa iliyojulikana na watu ilikuwa kumpata Makamu Mwenyekiti wa upande wa Bara, na Stephen Wasira akachaguliwa. Ndipo hoja ilipotoka miongoni mwa wajumbe kwamba Rais Samia Suluhu Hassan apitishwe pale pale kuwa mgombea wa urais wa Jamhuri ya Muungano katika uchaguzi wa mwaka ule, na Hussein Ali Mwinyi kwa upande wa Zanzibar. Fomu hazikuwa zimetolewa, wadhamini hawakuwa wametafutwa, na matawi hayakuwa yameitwa kuketi kwa ajili ya jambo hilo. Ukumbi ukapiga makofi, azimio likapita. Mtu akitumwa dukani kununua chumvi akarudi na ng'ombe, waliomtuma wana haki ya kuuliza fedha za ng'ombe zilitoka wapi. Na hata ng'ombe akiwa mzuri, swali halifutiki.

Watetezi wa makofi yale wana hoja tatu, na yafaa kila moja ijibiwe kwa haki.

Hoja ya kwanza ni desturi. Husemwa kuwa Rais aliye madarakani huachiwa kipindi cha pili, kama alivyoachiwa Mkapa mwaka 2000, Kikwete mwaka 2010 na Magufuli mwaka 2020. Lakini watatu hao walikuwa wamekwisha kupimwa na wenzao mbele ya wajumbe kabla ya kipindi chao cha kwanza. Samia aliingia Ikulu Machi 2021 kwa njia ya Katiba, baada ya kifo cha Magufuli. Mara mbili alikuwa mgombea mwenza, na hakuwa amewahi kuwekwa katika mizani ya urais na mwanachama mwingine. Kumpima kusingekuwa kumdharau. Kungempa kile ambacho watangulizi wake walikuwa nacho, yaani ushindi.

Hoja ya pili ni umoja. Husemwa kuwa ushindani huleta makundi, na makundi huvunja chama. Jirani wa Kenya wanalo jibu la hoja hii. Tarehe 14 Oktoba 2002, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, wajumbe wa KANU walimpitisha Uhuru Kenyatta kwa sauti moja, kama Rais Daniel arap Moi alivyokwisha kuamua. Makofi hayakuzuia makundi, yaliyahamisha. Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti wakatoka, wakaungana na upinzani, na katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba Mwai Kibaki akapata asilimia 62 ya kura na Kenyatta 31. Chama kilichotawala tangu uhuru kikaanguka miezi miwili na siku chache baada ya siku yake ya umoja mkubwa. Umoja usioulizwa ni kama ukuta usio na msingi: hupendeza mpaka mvua inyeshe.

Hoja ya tatu ndiyo tamu kupita zote, kwa kuwa huvaa kanzu ya utamaduni. Mwalimu Nyerere aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwa demokrasia ya Kiafrika ni ya wazee waketio chini ya mti, wakazungumza mpaka wakakubaliana. Basi, husema watetezi, wajumbe wa Dodoma walikubaliana. Kuna ubaya gani? Ubaya ni kuwa walianza na mwisho. Wazee wa chini ya mti walizungumza kwanza. Yule mwenye neno la kupinga alilisema, akajibiwa, akarudia, na makubaliano yakaja baada ya jua kuchwa. Makofi ya ghafla hayana uzee wala mti. Na kipimo cha makubaliano ya kweli ni namna atendewavyo asiyekubali. Mwezi wa Februari 2025 mwanachama mmoja wa mkoa wa Kilimanjaro aliyeupinga hadharani utaratibu ule alivuliwa uanachama. Julai mwaka ule Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa chama hicho, alijiuzulu ubalozi wake wa Cuba, na akaendelea kuulaumu utaratibu wa kumpata mgombea. Chini ya mti, mzee apingaye hupewa kigoda, hafukuzwi kijijini.

Haifai kusema kuwa machafuko yaliyoua watu katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 yalizaliwa katika ukumbi wa Januari, maana sababu zake zilikuwa nyingi na baadhi ziko mbali na chama chochote. Lakini yafaa kusema hivi: nchi ambayo watu wake hawasikilizwi ndani ya vyama hujifunza kutafuta masikio mahali pengine, na mahali pengine si salama daima.

Yeyote aliye katika upinzani asijipongeze kwa kusoma mpaka hapa, kwa maana ugonjwa huu hauchagui rangi ya bendera. Jimbo la Kilwa Kusini, ambamo Kiranjeranje imo, lilimpeleka bungeni Selemani Bungara wa Chama cha Wananchi, CUF, mwaka 2010 na tena 2015. Wapiga kura wale walikuwa wamekiamini chama, na chama kikawavunjikia mikononi. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015. Mwaka uliofuata alitaka kurudi. Tarehe 21 Agosti 2016 Mkutano Mkuu Maalumu uliitwa Dar es Salaam. Wajumbe wengi wakataka kujiuzulu kwake kukubaliwe, na mkutano ukaingia vurugu. Mwezi uliofuata Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua Lipumba kuwa mwenyekiti halali. Shauri likaenda mahakamani, na Machi 2019 hukumu ilipotoka upande wa Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad akahamia ACT-Wazalendo na umati wa wafuasi wake. Katika miaka mitatu ile walisema wajumbe, akasema Msajili, wakasema mawakili na majaji. Wenye kadi wa Kilwa hawakuulizwa siku hata moja ni nani mwenyekiti wao. Waliambiwa tu chagueni bendera ya kuifuata.

CHADEMA nayo ina deni lake. Lowassa alipokatwa Dodoma, alipokewa na chama hicho mwishoni mwa Julai 2015, na wiki hiyo hiyo njia yake ya kugombea urais ikawa wazi. Tarehe 4 Agosti Mkutano Mkuu ukampitisha, bila ya mtu wa kushindana naye. Chama kilichoyacheka makofi ya wengine kilipiga yake siku ile, tena kwa mtu ambaye kwa miaka mingi kilikuwa kimemtaja kuwa mfano wa ufisadi. Labda matawi yangekubali kama yangeulizwa. Hayakuulizwa.

Miaka kumi baadaye chama hicho hicho kilifanya jambo jingine, na haki yataka lisifiwe. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Januari 2025, siku mbili tu baada ya makofi ya Dodoma, wajumbe wake walikesha katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, wakimchagua mwenyekiti. Freeman Mbowe, aliyekiongoza chama tangu 2004, alipata kura 482. Tundu Lissu alipata 513. Odero Charles Odero alipata moja. Mbowe akakubali kushindwa. Hapana ushahidi bora kuliko huu kwamba Mtanzania anaweza kumshinda aliye kitini, na aliye kitini akampongeza. Lissu hakukaa sana uraiani akiwa mwenyekiti, kwani Aprili mwaka ule alikamatwa na kushitakiwa kwa uhaini. Lakini kura ile haikupunguzwa na pingu.

Pamoja na sifa hiyo, hesabu ile ifikiriwe tena. Tofauti ilikuwa kura 31. Watu wasiotimia 1,000 walikata shauri la wanachama wa nchi nzima, na wenye kadi wa kusini walilipata jibu katika simu na runinga kama walivyolipata watazamaji wa nchi nyingine. Je, mjumbe wa wilaya fulani alimpa kura aliyetakwa na wilaya yake? Hapana ajuaye. Lissu mwenyewe alikuwa amelalamika hadharani mwaka 2024 juu ya fedha katika uchaguzi wa ndani ya chama, na malalamiko ya namna hiyo husikika katika kila chama kila msimu. Sababu yake si siri: mkono mtupu haulambwi, na mnunuzi mwenye akili hununua palipo na wauzaji wachache. Kuwanunua wanachama laki tano ni kazi ya wazimu. Kuwanunua wajumbe 500 ni kazi ya usiku mmoja wa hoteli.

Hapa ndipo hoja inapofika penye mfupa. Vyama vyote hufundisha kuwa kura ya mjumbe ni siri, na kwamba siri hiyo ni takatifu. Mafundisho hayo yamechanganya watu wawili. Siri ya kura iliwekwa kumlinda mwenye kura asiadhibiwe na mkubwa wake wala asinunuliwe na tajiri wake. Ni haki ya mwananchi, na katika chama ni haki ya mwanachama. Mjumbe si mwenye kura. Ni mchukuzi wa kura za wengine. Mchukuzi wa barua hana haki ya kumficha mwandishi mahali alipoipeleka barua. Mbunge apigapo kura bungeni juu ya jambo kubwa huweza kuitwa kwa jina na kusema ndiyo au siyo, na hapana asemaye kuwa ameonewa, kwa kuwa jimbo lake lina haki ya kujua. Siri ni ya mwanachama, si ya mjumbe. Mjumbe aliyepewa siri mbele ya waliomtuma amepewa ujumbe-jina na ujumbe-tendo akanyang'anywa. Amekwisha kufanywa jumbe.

Kwa hiyo dawa si ngumu kuitaja. Majina ya waombaji yatolewe na yafike matawini mwezi mmoja mzima kabla ya Mkutano Mkuu, yote, isipokuwa ya wale ambao Katiba ya nchi yenyewe inawazuia. Katika kila tawi wanachama wapige kura ya sanduku, kwa siri, wakiandika chaguo la kwanza na la pili. Hesabu isomwe pale pale, iandikwe, itiwe sahihi na mawakala wa waombaji, na nakala yake ibandikwe mlangoni pa tawi. Hesabu za matawi zijumlishwe wilayani mbele ya macho ya watu, na kura za wilaya zigawanywe kwa kadiri ya hesabu hiyo. Mjumbe aipeleke Dodoma au Dar es Salaam, aisome kwa sauti, arudi nayo. Wale walioingia ukumbini kwa vyeo waketi, waseme, washauri. Wasipige kura, kwa kuwa hawakutumwa na mtu.

Yatasemwa mengi juu ya hayo. Atatokea wa kusema kuwa kura ya wazi ya mjumbe humtia katika hatari ya kisasi. Kisasi kwa lipi? Amesoma hesabu ya watu wa Kilwa. Mwenye hasira aende akawaadhibu watu wa Kilwa wote. Hapo ndipo ile methali ya mjumbe hauawi inapopata kazi yake. Atatokea wa kusema kuwa mnunuzi atafurahi kuiona bidhaa aliyoinunua. Lakini hesabu imekwisha kubandikwa mlangoni. Mjumbe hana tena cha kuuza. Atatokea wa kutaja gharama. Vyama vilivyoweza kusafirisha maelfu ya watu, kuwalaza, kuwalisha na kuwavika fulana na khanga haviwezi kulia umaskini mbele ya karatasi na sanduku. Na atatokea wa kutaja duru ya pili ya 1995, ambapo walioanza na Msuya walilazimika kuchagua upya. Chaguo la pili la mwanachama limekwisha kumjibu.

Pingamizi moja tu lina uzito wa kweli, nalo hutoka katika historia ya TANU. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe walikwenda Tabora wakiwa na hasira juu ya kura tatu, utaratibu wa kikoloni uliomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Nyerere akawasihi, wakasikiliza, wakabadili mawazo, na TANU ikaingia katika uchaguzi na kuushinda. Kama wajumbe wale wangefungwa na neno la matawi yao, huenda uhuru ungechelewa. Jibu ni kwamba Tabora walijadili njia, hawakumchagua mtu. Katika shauri la njia, mjumbe yapasa awe huru kusikiliza, kwa kuwa hoja mpya huweza kuzaliwa ukumbini. Katika kumchagua mtu, hapana jipya linalozaliwa ukumbini usiku wa kura isipokuwa hofu na bahasha. Waombaji waweza kwenda Kilwa mchana na kusikilizwa. Isitoshe, wajumbe wa Tabora walirudi makwao na kueleza kwa nini walibadili, na asiyekubali, Zuberi Mtemvu, alitoka mchana kweupe na kuunda chama chake. Lipo wapi tawi lililoelezwa kwa nini ya Januari 2025?

Afrika ya Kusini inaonyesha kuwa neno la matawi si ndoto. Katika ANC sehemu kubwa kabisa ya wajumbe wa mkutano mkuu hutoka matawini, na matawi hukutana kutaja majina kabla ya safari. Polokwane, Desemba 2007, Rais Thabo Mbeki, aliyekishika chama na nchi, alipata kura 1,505, na Jacob Zuma 2,329. Matawi yalikuwa yamekwisha kusema wiki kadhaa nyuma, na cheo hakikuweza kuyanyamazisha. Lakini njia ile imeishia katikati: tawi hutaja jina, kisha mjumbe huingia peke yake katika kibanda cha siri. Ndiyo maana mwaka 2017, Cyril Ramaphosa alipomshinda Nkosazana Dlamini-Zuma kwa kura 2,440 dhidi ya 2,261, minong'ono ya fedha haikukosekana. Na ifahamike kuwa matawi ya Polokwane yalichagua mtu ambaye nchi ilimjutia baadaye. Wengi huweza kukosea. Ila wengi wakikosea hujua waliokosea ni nani, nao wana njia ya kutengeneza. Wachache wakikosea humtafuta wa kulaumiwa.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee. Na hao wa Kiranjeranje hawawezi wote kuwapo Dodoma. Ndiyo sababu walimtuma mtu. Kama chama kinataka aende kwa neno lao, na kimwite mjumbe, na kimtake arudi na hesabu. Kama kinataka aende kupiga makofi na kurudi na amri, jina lake la haki limekwisha kuwako katika Kiswahili cha pwani hiyo tangu zamani za pamba, na watu wa huko hawajasahau maana yake.